Mkono Niliomwazima Mzee Wafula

Hadi leo nikipita mbele ya ile saluni iliyo mkabala na karakana yetu huku Kabiria, wale wasichana huinua mikono na kuniuliza, "Niaje bro, leo unamwazima nani?" nami nainamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sarafu.

Nilikuwa na miezi mitatu tu kwenye karakana hiyo ya mageti (kabla ya hapo nilichoma nyama Kenyatta Market, na kabla ya hapo nilitoroka shule, mimi sikai mahali), na Mama Njoki mwenye karakana akasikia redioni kwamba kelele za kazini zinaweza kupandisha presha, akaleta muuguzi atupime, akatangaza kwamba mwenye presha atatolewa kwenye grainda, ile mashine ya kukatia vyuma, apelekwe kupaka rangi. Mzee Wafula, aliyenifundisha kazi na ambaye amekata vyuma tangu sijazaliwa, alijua yake iko juu, na kwake kupaka rangi ni kazi ya wanaojifunza. Alinuna asubuhi nzima.

Nikamwonea huruma. Muuguzi hajui sura zetu, nikawaza, sote tumejaa vumbi la chuma, anaita majina tu, kwa hivyo nitaingia kwa jina la mzee, ninawe uso, kisha nirudi kwa jina langu. Sasa, grainda zikinguruma siri hainong'onwi, unamshika mtu sikio na kupiga kelele, na ndivyo nilivyofanya kwa nguvu zote za kifua (vizibo vya masikio nilipewa, ila vilikaa mfukoni, sikutaka udaku unipite).

"MZEE, TULIA! NITAPIMWA MIMI KWA JINA LAKO!"

Hapo stima ikapotea. Grainda zote zikanyamaza, lakini mdomo wangu haukuwa na swichi.

"HUYO SISTA ATAJUAJE KWAMBA MWENYE PRESHA NI WEWE?"

Hata saluni walizima vicheko. Muuguzi, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda pale langoni, akainua macho.

"Sista ameshajua," akasema. "Haya, huo mkono wa kuazimwa ndio uanze."

Nikaketi nikitabasamu, nikijua angalau mwili wangu hautaniaibisha. Akapima. Akaniambia nipumzike, akapima tena, akahamia mkono wa pili. Kisha akampima mzee, akatutazama sote wawili.

"Ya mzee imepanda kidogo. Yako wewe kijana ndiyo inanitisha. Kesho uje kliniki, usikose."

Mzee Wafula alicheka hadi akashikilia geti. "Ala! Kumbe ulitaka kuniua na huo mkono?"

Sasa sote wawili tunapaka rangi, yeye akilalamika kwamba brashi yangu inadondosha. Dawa nameza, vizibo viko masikioni, udaku unanipita, na nimeapa mbele ya Mama Njoki: sitamwazima mtu kiungo changu tena kabla sijajua ndani yake kuna nini.