Siku Nilipomvika Mzee wa Watu Ufalme

Jamani, hili naona haya hata kulitaja, lakini nyinyi ni watu wangu, chekeni tu. Mnajua kule Misiera, kambini Nakivale, natengeneza filamu fupi kwa simu kuhusu picha za wafalme wa zamani (mkuki maana yake nini, ngozi ya chui maana yake nini), na watu walikuwa wameanza kunijua, mpaka nikaalikwa kuonyesha moja Mbarara, ukumbini, mbele ya watu wa heshima.

Picha niliipata kwa fundi wa fremu mjini: mzee kakaa kitini, ngozi ya chui mabegani, mkono wa kushoto kauficha ndani ya ngozi. Fundi akasema, "Sijui ni nani, iliachwa hapa." Ningeuliza maduka mawili tu ya jirani ningejua, lakini siku zilikuwa zimekwisha, na ule mkono ulikuwa umeshanipa maneno matamu: mfalme anashika siri ya nchi yake.

Basi sauti yangu inatoka kwenye spika, nzito kama ya padri, mkono unakuzwa ukutani, watu wanaguna kwa kupendezwa, nami kichwa kimevimba, ndipo akasimama mama mmoja muuza vitambaa, Hajati wanamwita.

"Wewe kijana, mfalme gani? Hiyo ni baba yangu. Alikuwa anapika chai kwa studio ya picha, wakamuvalisha hivyo vitu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi (mjinga kabisa!), badala ya kuzima, nikauliza kwenye maikrofoni, "Sasa mkono je, Mama?"

"Mashine ilikata vidole. Alikuwa anaona haya. Hata nyumbani alikuwa anaficha."

Kicheko kikakatika. Hajati akakaa, akajifunika uso kwa mtandio, nami natafuta kitufe cha kuzima filamu, na mkono wa baba yake uko pale ukutani, mkubwa kama mlango.

Na asubuhi ile nilikuwa nimeshaituma filamu kwenye magrupu yote ya Nakivale! Wiki hiyohiyo nikasikia watu wanamwita mzee "mfalme wa chai." Nikaenda dukani kwa Hajati.

"Pardoni, Mama, unisamehe."

"Nimesikia. Sasa toa baba yangu kwa simu za watu."

Nilifuta kwangu. Kwa wengine siwezi, nimeomba mpaka nimechoka. Picha ya mtu nisiyejua watoto wake wako wapi sitaigusa tena, ingawa hata hivyo hakuna anayenialika.