Mistari Aliyoiacha Mama

Wiki ya pili baada ya kumzika mama, wifi yangu alifungua kabati la sebuleni, akatoa viporo vyote na kuvirundika juu ya kochi. Viporo ni jina lake mwenyewe kwa mablanketi ya viraka yaliyoanzwa yakakaa bila kumalizwa. Moja lilikuwa uso tu, viraka vimeungwa lakini hakuna pamba wala bitana. Jingine lilikuwa limeshikizwa kwa uzi mrefu mweupe, pini bado zimesimama. Kuna lililobakiza upindo peke yake, nalo lilikuwa humo kabatini tangu mvua za mwaka jana.

"Mwezi huu naviua vyote," alisema. "Kaka yako akirudi akute sebule, asikute ghala."

Kaka yangu ni dereva wa malori ya safari ndefu. Mama alipofariki yeye alikuwa mpakani, lori limezuiwa, na mzigo si wake, hawezi kuliacha wala kupita nalo. Tulimsubiri mpaka ikawa haiwezekani tena kusubiri. Tukamzika mama bila yeye. Alisikiliza kwa simu, wifi kaishika juu hewani, na siku hiyo kulikuwa na upepo. Sidhani kama alisikia kitu kingine.

Majirani wanamwita wifi Fundi, na ufundi wenyewe aliupata kwa mama. Aliingia nyumba hii akiwa bibi harusi asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano. Mama hakumwuliza kama anataka kujifunza. Alimwekea kiti upande wa pili wa fremu, basi. Fremu ni mbao nne zilizofungwa kwa skrubu, zimelalia migongo ya viti. Blanketi huwambwa humo kama ngozi ya ngoma: viraka juu, pamba katikati, bitana chini. Washonaji wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akaanzia ukingo wake, wakapitisha mistari ya sindano inayoshika matabaka yote matatu, hadi wakutane katikati. Mama alikuwa mtu wa mashoto, watu wakimwita Bibi Shoto naye akiitika. Upande wake ulikuwa na dirisha mkono wa kulia, kwa hiyo mtu asiye mashoto akikaa pale anajizibia mwanga kwa mkono wake mwenyewe.

Mimi sikujifunza. Ni bintiye wa kumzaa, naishi chumba cha uani katika nyumba hiyohiyo, na hata kifungo nashonewa.

"Wifi, wewe ukishika sindano hata kitambaa kinaona aibu," Fundi hunitania.

"Ndiyo maana nilimwambia kaka akuoe. Nilikuwa natafuta fundi wa bure."

Tulizoea kutaniana hivyo mama akiwepo, naye akicheka bila kuinua macho. Mwezi ule tuliendelea na utani wetu, ila ulipokwisha hapakuwa na wa kucheka, kila mmoja akarudi kwenye shughuli yake.

Kiti cha dirishani kilikaa wazi siku kadhaa. Fundi alijaribu kukikalia, akainuka upesi, akasema mwanga haumfai. Akawa anashona upande wake, na akifika katikati anaigeuza fremu nzima huku akiwafukuza watu na viti vyao. Kitinda mimba wake, ambaye chini ya fremu ndiyo nyumba yake ya kuchezea, alilia kila mara paa lake lilipozungushwa. Mwishowe binti mkubwa akasema, "Mama, kwani mimi si mashoto?"

Huyu tunamwita Sisimizi. Jina alipewa na bibi yake kwa kuwa tangu utotoni hatulii, saa zote kabeba kitu anakipeleka mahali. Alikuwa na miaka kumi na mitano na shule zilikuwa zimefungwa. Alikaa kwenye kile kiti, akavaa subana ya bibi yake, ile kofia ya chuma ya kidole, nayo ilimpwaya. Akaiziba kwa kipande cha pamba, akaanza.

Fundi alikuwa mwalimu mkali. Alikuwa akipitisha kidole juu ya mstari wa mtoto, akifika pabaya anagonga kwa ukucha. "Fumua hapa."

"Kidogo tu kimepinda, mama."

"Mshono mbaya hauombewi msamaha. Hufumuliwa. Halafu weka kitambaa chenye maji, piga pasi, matundu yajifunge, uanze upya."

Sisimizi alifumua. Siku za kwanza alifumua zaidi kuliko alivyoshona, midomo imekazwa, macho yamejaa. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, na haikuchukua muda kidole cha mama yake kikawa kinapita bila kugonga. Siku moja Fundi alinong'ona kwangu jikoni, "Mkono wa bibi yake ule. Nikiinua macho ghafla nashtuka."

Viporo vikaanza kupungua. La mwalimu wa shule ya chekechea likaondoka. La maharusi likaondoka, japo maharusi walikwisha kupata mtoto. Mkunga wa zahanati akaja kuulizia lake, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Fundi, mimi kwangu ujauzito ni miezi tisa. Hili langu lina muda gani tumboni?"

"Vumilia shoga, mtoto amekaa vibaya."

"Basi lete kisu tumtoe!" Akacheka, akamwona Sisimizi kwenye kile kiti, kicheko kikamkatikia njiani. Akamgusa bega, akaondoka bila kuaga vizuri.

La mwisho katika rundo lilikuwa la mama mwenyewe. Alikuwa akimshonea kaka, jembamba, la kutosha kile kitanda kilicho nyuma ya kiti cha dereva ndani ya lori. Viraka alivikata kwenye mashati yake kaka ya kazi yaliyochakaa, kaki na buluu nzito. Alianza mkono wake ukiwa mzima. Kisha mkono ukaanza kutetemeka, na mistari nayo ikatetemeka. Mstari ulikuwa ukishuka, ukapanda, ukakaribia kuugusa mwenzake, ukakumbuka ukarudi. Tulipocheka alitujibu, "Mnacheka nini? Huyo mwanangu mwenyewe barabara zake zimenyooka?" Akafika karibu na katikati, akaichomeka sindano pale, akasema anajinyoosha kidogo. Hakurudi tena kwenye kiti.

Kaka alipiga simu jioni moja, Sisimizi ametumwa dukani kununua uzi. Fundi aliweka spika ili nami nisikie.

"Lile la mama vipi?"

"Limebaki upande wangu na upindo."

"Shona upande wako. Wa kwake usiuguse. Aliniambia mwenyewe umepinda. Nautaka hivyohivyo."

"Nani ataugusa?" Fundi alisema. Na kweli hakuna aliyedhani kuna haja ya kumkataza mtu.

Alimaliza upande wake. Kabla hajalitoa kwenye fremu akapigiwa simu kutoka kwao kwamba baba yake ameanguka bafuni, akambeba kitinda mimba akaondoka, nyumba akatuachia mimi na Sisimizi. Mchana nilikuwa kazini. Nikirudi namkuta mtoto ameinama dirishani, nyuzi zimemganda kwenye sketi, namwambia ale kwanza, ananijibu, "Bado kidogo, shangazi." Nilifurahi kwamba amepata cha kumshika. Nilimwona kwa macho yangu, ila kwangu kushona na kufumua ni kuinama kulekule.

Fundi alirudi baada ya siku nne, baba yake ametiwa plasta mguuni. Fremu ilikuwa imefunguliwa, mbao zimesimamishwa ukutani. Sebule ilikuwa kubwa mpaka sauti zetu zilibadilika humo ndani. Juu ya kochi kulikuwa na blanketi limekunjwa vizuri, upindo umekwisha pigwa. Sisimizi alisimama pembeni yake, kashindwa kuficha furaha.

Fundi akalikunjua. Akapitisha kidole kama kawaida yake. Kidole kikaenda moja kwa moja mpaka mwisho, hakikugonga popote. Akakaa chini.

"Umefanya nini?"

"Nimemaliza, mama. Nimenyoosha na ya bibi. Baba alikute zuri."

"Yote?"

"Ilikuwa imepinda yote ile ya mwishoni. Ya mwanzoni nayo nikaifumua ifanane."

"Nyuzi ulizotoa ziko wapi?"

"Nimefagia. Gari la taka limepita asubuhi." Furaha ilikuwa imeanza kumtoka. "Nilipiga na pasi, mama, kwa kitambaa chenye maji. Matundu hayaonekani kabisa."

Hayakuonekana kweli. Tulilipeleka dirishani, tukalielekeza kwenye mwanga, tukaligeuza upande wa bitana. Mtoto alikuwa amefundishwa vizuri. Fundi akamweleza basi kuhusu simu, polepole, bila ukali, na nadhani angekuwa mkali ingekuwa nafuu. Sisimizi hakulia mbele yetu. Aliivua subana akaiweka mezani, akaingia chumbani.

Jikoni Fundi alinishika mkono. "Tusimwambie. Atajuaje? Kaka yako hajui mshono wala mkunjo."

"Anajua ilipinda."

"Nitasema mama alijikaza mwishoni. Wifi, mtu amekosa mazishi ya mama yake, nimwambie na hili nalo limetoweka? Na mtoto je? Atamtazamaje mwanawe?"

Nikasema, "Alikuwa mama yangu pia."

Sikukusudia kulisema, lilitoka lenyewe. Fundi aliniangalia kana kwamba ndiyo kwanza naingia jikoni. Mwezi mzima tulikuwa tukisema mama mkwe wake, bibi wa Sisimizi, mama yake kaka. "Pole, wifi yangu," alisema, na tukalia pale, maharage yakaungua. Baadaye tuliposhika tena habari ya kusema au kutosema, Sisimizi alikuwa mlangoni. "Nitamwambia mwenyewe," alisema.

Kaka alifika Jumapili mchana kwa miguu, lori ameliacha kituo cha mafuta. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu, tukajua amepitia makaburini kwanza. Alinisalimu, akanishika kichwa kama tulipokuwa watoto. Alikula kidogo, akamsifu Fundi kwa sebule, akambeba kitinda mimba. Kisha akasema, "Nileteeni."

Alilitandaza kitandani. Alizunguka upande mmoja, akazunguka wa pili, akainama kama anayetafuta tundu kwenye tairi.

"Mbona imenyooka?"

"Ni mimi, baba," Sisimizi akasema. Mikono ameiweka nyuma. "Nilifumua ya bibi nikashona upya. Sikujua kama unaitaka."

"Yote?"

"Yote."

"Hukubakiza hata mmoja?"

"Hata mmoja, baba."

Kaka akakaa ukingoni mwa kitanda. Alijifuta uso kwa kiganja, juu mpaka chini, akaacha kiganja kwenye kidevu.

"Nikemee mimi," Fundi akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Sijamkemea mtu."

Kitinda mimba alipanda kitandani na viatu, hakuna aliyemshusha. Kaka alikuwa akiutazama upande ule wa mama. Aliupapasa. Mkono wake ni mgumu, kucha zina grisi isiyotoka, na nina hakika haukuhisi chochote ila kitambaa.

"Ulifumua kwa kitu gani? Kwa mkasi?"

"Hapana. Mkasi unakata kitambaa. Kwa ncha ya sindano."

"Mshono mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja."

"Kwa hiyo uliiona yote."

Nadhani Sisimizi hakuelewa anaulizwa nini, na mimi pia sikuelewa.

"Nionyeshe ilivyopita," kaka akasema.

Sisimizi akaenda sebuleni, akarudi na chaki ya fundi, nyeupe. Alipiga magoti kando ya kitanda, akalisawazisha blanketi, akaweka chaki kwenye ukingo kwa mkono wa kushoto.

"Huu alianza sawa. Mpaka hapa. Hapa ukashuka." Chaki ikashuka. "Ukapanda, ukapita juu ya hiki kiraka cha mfuko. Hapa alipita mara mbili palepale, nadhani alisahau kwamba amekwisha pita. Hapa uzi ulimwishia, akafunga fundo kubwa, nilihangaika nalo sana."

Akahamia mstari wa pili. Hakusita. Mahali pengine alifumba macho na kusogeza vidole kama anayefumua, kisha akachora. Mistari ya chaki ilipita juu ya mishono yake mwenyewe iliyonyooka, ikaikata, ikaiacha. Fundi alikuwa amejishika mdomo.

"Hapa mishono ni mirefu," Sisimizi akasema.

"Kwa nini mirefu?"

"Alikuwa amechoka, baba."

Kaka akatikisa kichwa kukubali. Chaki ya fundi haikai. Ukikung'uta kitambaa mara moja inapukutika, imetengenezwa kwa ajili hiyo, na chumbani mle hakuna asiyelijua hilo, hata mimi. Kaka alimwinua kitinda mimba taratibu asije akafuta kwa magoti yake, akampakata.

"Endelea," alimwambia bintiye.

Nami nikazunguka kitanda nikasimama mahali ninapoona.