Kiti cha Sala ya Idi

Ramadhani ndiyo iliyonimaliza, na kosa si la mfungo, ni langu. Mimi ni fundi cherehani wa nguo za kike, Darajani. Mwezi ule kila mtu anataka nguo ya Idi, na aliyefunga hana chai wala maji ya kumnyanyua. Nikikaa asubuhi, nainuka Alasiri. Tena nilishafunga mota kwenye cherehani, hata miguu ikaacha kukanyaga. Nikajiona hodari kweli.

Asubuhi ya Idi, uwanjani, nilisujudu rakaa ya kwanza, kuinuka nikashindwa. Kiuno kimekaza, magoti yamegoma. Wanawake wawili wakanishika makwapani. Idi ya mfunguo tatu, ile ya kuchinja, wifi yangu, karani wa ofisini, akaniletea kiti cha plastiki, nikasali nimekaa pamoja na vikongwe. Hata hamsini sijafika! Nililia kwa aibu.

"Kwa siku unanyanyuka mara ngapi?" daktari aliniuliza nilipokwenda hospitali, akiibonyeza miguu yangu iliyovimba.

"Sinyanyuki, mwanangu. Nnafanya kazi."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia kukaa huko ndiko kunakoniumiza, na nisiposimama kila mara, kiti nitakizoea.

Nilirudi dukani na hasira zangu, nikaing'oa mota. Pasi nikaihamishia ukuta wa pili, mkasi nikautundika mlangoni, niufuate kwa miguu. Kila mshono ukiisha, nasimama kuupiga pasi. Wateja walidhani nimechanganyikiwa. Wiki za mwanzo niliumwa mpaka nikamsema daktari kimoyomoyo. Ramadhani ikaingia tena, nikafunga, na kusimama sikuacha.

Idi hii wifi kaja na kiti mkononi.

"Nshakuletea kiti chako, wifi. Kaa, usijitie usichana."

"Ahsante. Kiweke hapo."

Nikaweka mkoba wangu juu yake. Nikasujudu, nikainuka, nikasujudu tena, nikainuka, wala sikushikwa na mtu. Alhamdulillahi! Nilitaka kupiga vigelegele katikati ya sala.

Hotuba ilipokwisha, wanawake wakasimama kupeana mikono ya Idi. Wifi alikuwa bado chini, mkono mmoja kiunoni, wa pili unakitafuta kiti.

"Ofisi hiyo, kukaa kutwa," alisema, macho pembeni.

Nikampa mkono wangu, nikamvuta mara moja tu, akasimama. Kiti alikibeba mwenyewe kurudi nyumbani.