Tangi Tupu Lilipobisha Hodi

Mimi si mwoga. Uliza mtu yeyote pale kazini.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisifu, mpaka siku tangi tupu la maji, lenye kifuniko nilichokikaza kwa mkono wangu mwenyewe, lilipoanza kubisha hodi.

Kaa vizuri nikusimulie.

Niko idara ya matengenezo kwenye jengo refu la maofisi. Cheo changu ni msimamizi wa usalama. Yaani fundi akipanda ngazi, nauliza nani kaishika. Akigusa nyaya, nauliza nani kazima umeme. Mafundi wananiita Bwana Usalama, na wala si kwa mapenzi.

Kazi yenyewe nilitafutiwa na Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba. Ni fundi bomba mle jengoni tangu mimi navaa kaptura. Alinilea, akanisomesha, akaniombea kazi. Halafu mimi ndiye nikawa namwamuru avae glavu. Dunia hii!

Siku hiyo tulikuwa tunasafisha tangi la juu ya paa. Tangi la zege, limekatwa na ukuta katikati, na kwenda upande wa pili lazima utambae. Juu lina tundu moja tu, jembamba. Ukiwa na kofia ngumu hupiti. Kwa hiyo wanaoingia huvua kofia zao na kuzitundika kwenye kulabu pembeni ya tundu.

Nami kwa usomi wangu nikatunga sheria. Kofia kwenye kulabu, kuna mtu ndani. Kulabu tupu, tangi tupu.

Nilijipongeza sana kwa sheria hiyo.

Wakaingia wawili, Baba Mdogo na mwenzake tunayemwita Kipara. Mimi nikabaki kwenye tundu. Anayekaa pale haondoki, hata aitwe na nani. Feni ilikuwa inasukuma hewa ndani kupitia bomba pana, maana walikuwa wanapaka klorini kwenye kuta. Dawa ile bila hewa haikuulizi una watoto wangapi.

Kofia yangu mimi? Niliisahau ofisini.

Mara nikasikia viatu vinapanda ngazi za paa. Viatu vya ngozi. Meneja!

Msimamizi wa usalama, kichwa wazi kama yai. Aibu gani hiyo? Nikachomoa kofia ya Baba Mdogo kwenye kulabu, nikaivaa.

"Unapendeza, kijana," Meneja akasema. "Hebu twende ukanionyeshe ile reli ya ngazi iliyolegea kule chini."

Nilipaswa kusema siwezi, kuna watu ndani. Nikasema, "Twende, bosi."

Nyuma yangu, kumbe, Kipara akatoka. Akaona sipo, akadhani nimeenda kujisaidia, narudi sasa hivi. Akachukua kofia yake, akashuka kutafuta chai.

Niliporudi, kulabu zote zilikuwa tupu.

Wamemaliza, nikajisemea. Sikuchungulia. Sikuita. Nilizima feni, nikavuta bomba lake, nikashusha kifuniko cha chuma, nikakaza nati. Kisha nikashika redio ya mkononi, nikamwita mwendesha pampu kule chini.

"Dada wa Pampu, fungulia maji."

"Watu wametoka wote?"

"Wote, dada yangu. Usalama kwanza!"

Maji yakaanza kunguruma ndani.

Nikageuka niondoke.

Ko. Ko. Ko.

Nikasimama. Labda ni bomba.

Ko! Ko! Ko!

Chini ya kifuniko. Pale pale nilipokuwa nimeweka mguu.

Jua lilikuwa linawaka, lakini jasho lililonitoka lilikuwa la baridi. Tangi tupu. Kulabu tupu. Sasa anayegonga ni nani? Nywele za kisogoni zilisimama moja moja.

Nikasikia na kitu kama mkwaruzo, kama kucha kwenye chuma.

Sikumbuki niliamua nini. Miguu iliamua yenyewe. Nilishuka ngazi zile tatu tatu, na kwenye kona nikamvaa Kipara, chai yote ikamwagika kifuani kwake.

"We vipi? Umeona nini?"

"Kipara, tangi lina jini! Linagonga!"

"Jini gani? Si mzee yumo ndani anamalizia upande wa pili?"

"Hayumo. Kofia yake haikuwepo."

Kipara akaangalia kichwa changu.

Nikapeleka mkono juu taratibu, nikaivua. Kofia nyeupe, yenye utepe wa bluu kwa nyuma. Alama ya Baba Mdogo.

Jamani. Kuna hofu ya jini, na kuna hofu hii nyingine. Ya jini ni mchezo wa watoto.

"Dada wa Pampu, funga maji! Funga! Funga!"

Redio ikakwaruza tu.

Tukapanda. Nikashika nati, zikawa hazishikiki. Nikawa naita, "Baba Mdogo! Baba Mdogo!" Chini maji yananguruma.

Hakuna aliyegonga tena.

Ukimya ule usiombe uusikie.

Kifuniko kikafunguka, harufu ya klorini ikatupiga machoni. Alikuwa juu kabisa ya ngazi ya ndani, mkono kaupitisha kwenye kipago ukanasa pale, kichwa kimelala begani. Nikataka kujitosa. Kipara akanikamata ukosi akanirusha nyuma.

"Ukiingia na wewe, tunazika wawili! Rudisha feni!"

Nikarudisha feni. Tukajilaza kifudifudi, tukamshika mikanda ya mabega ya ovaroli yake, tukavuta. Hajawahi kuwa mzito vile. Alipofika juu ya paa nilimpiga piga mashavu huku nalia kama mtoto.

Akakohoa. Akatapika. Akafumbua jicho moja.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti ambayo nadhani hata jengo la jirani walisikia.

Alilazwa, akapona. Kosa la kofia sikuweza kulificha, Kipara aliliona kwa macho yake. Baba Mdogo aliporudi kazini, Meneja akaniamuru nisimame mbele ya idara nzima, nieleze yaliyotokea ili watu wajifunze.

Nikaeleza. Funzo nikalitoa vizuri tu: kofia haina mdomo. Usifunge tangi kwa kuangalia kulabu. Ita mtu kwa jina, akujibu, umwone kwa macho. Na kofia ya mwenzako usiivae hata kwa sekunde moja.

Watu wakaitikia kwa vichwa. Utamu ukanikolea.

"Na mkisikia mtu anagonga," nikaongeza, kifua mbele, "msitetereke. Mimi niliposikia tu, papo hapo nikaruka kwenye nati."

Baba Mdogo, aliyekaa nyuma kabisa, akanyanyua mkono. Sauti yake ilikuwa bado ina mikwaruzo.

"Mwanangu, mimi nilikuwa chini ya hicho kifuniko."

Vichwa vyote vikageuka nyuma.

"Nilipogonga, nikasikia mtu anasema, 'Shindwa! Kama una shida nenda kwa wahasibu, ghorofa ya tatu!'"

Watu wakaangua kicheko. Kipara akalala juu ya meza.

Baba Mdogo hakucheka.

"Niliijua sauti. Nikafurahi, nikasema kumbe ni mtoto wa kaka yangu, nimepona." Akanitazama. "Halafu nikasikia viatu vinakimbia."