Mkaa Kwenye Kaakaa

Kusoma nilijifunza ukubwani, tena kwa ubishi, nikiwa tayari nina magari mawili ya mizigo na watu wananiita tajiri. Nasema mapema asije mtu akadhani niliinuliwa na shule. Shule sikuipita hata mlangoni. Lakini kuna mtaalamu wa lugha aliyekitia kinywa changu ndani ya daftari lake akaenda nacho Ulaya, na kulikuwa na karani aliyetaka kiingie humo kwa aibu.

Ilikuwa miaka ya arubaini, vita vimekwisha, nami ni hamali bandarini Kilindini, Mombasa. Nikapewa masanduku ya Mzungu mmoja aliyepanga orofa Mji wa Kale, juu ya duka la Mhindi muuza vitambaa. Niliyapandisha peke yangu, yote, na ngazi za nyumba zile mwazijua. Nilipokuwa nikiyahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, Mzungu akanishika mkono.

"Hiyo tatu, sema tena."

Kazi yake ilikuwa kuandika sauti za watu. Maana ya neno hakuijali sana. Alichotaka kujua ni ulimi umekwenda wapi, pumzi imetoka au imezuiwa, koo limetetema au limenyamaza. Kwake kila sauti ilikuwa fungu la majibu ya ndiyo na la, na likibadilika jibu moja tu, hapo pana sauti nyingine. Nilimwelewa upesi kuliko waliosoma.

Mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa karani wa ofisini, mzaliwa wa mtaa wangu mimi, koti jeupe, kalamu mfukoni. Naye alikuwa pale, akacheka. "Bwana, usimsikilize huyu. Ana kithembe, ulimi wachungulia menoni kama mjusi. T ni moja tu, hata vitabuni imeandikwa moja." Akalivuta daftari la Mzungu ili aandike hivyo.

Sasa nieleweni. Tatu ile ni ya mama yangu, na ya mama yake, na ya kila mtu niliyemsikia tangu nizaliwe. Neno lile la kithembe likitiwa wino, basi Mombasa nzima imeandikwa kilema, na aliyeiponza ni mimi.

Nikamwambia, "Weka kalamu, ndugu yangu. Ulimi n'nao, kithembe sina."

"Utathibitisha vipi, na kusoma hujui?"

"Kwani ulimi husoma?"

Mzungu akasema njia ipo. Mkaa husagwa ukawa unga, ukapakwa ncha ya ulimi, mtu akasema neno moja, kisha akatazamwa kinywani kwa kioo kidogo. Pale ulimi ulipogusa juu pamekuwa peusi. Alieleza polepole, akidhani nitachukizwa. Mkaa sisi twasugulia meno tangu utotoni. Nikausaga mwenyewe hadi ukawa laini kuliko wanja, nikajipaka, nikasema tatu. Weusi ukaonekana nyuma ya meno ya mbele. Nikasukutua, nikapaka tena, nikasema koti, lenye t ile nyingine. Safari hii meno yalikuwa meupe pe, na weusi ulikuwa juu, penye ufizi.

"Ni kithembe chake," karani akasema. "Chaja na kuondoka."

"Basi tuone kinywa chako."

Akalitazama koti lake. Mhindi wa chini alikuwa amepanda kuona kelele ni za nini, akamwambia, "Fungua kinywa, bwana karani. Kwetu t ziko mbili tangu babu, na kila moja ina ndugu yake wa kutoa pumzi. Hatujafa."

Mzungu akakiri kwamba kwao Uingereza wana moja, ile ya koti, na ndiyo sababu ile ya neno tatu imemshinda tangu afike.

Karani tukamfunga taulo shingoni. Akapakwa, akasema tatu: nyuma ya meno. Akasukutua, akapakwa, akasema koti: penye ufizi. Vile vile kama mimi, kana kwamba tumenyonya titi moja. Akajitazama kiooni.

"Mimi sifanyi hivi," akasema, na midomo myeusi.

"Wafanya. Mamako alikufunza kabla ya mwalimu wako. Sasa chukua hiyo kalamu uliyokuwa na haraka nayo. Andika kwamba watu wa Mombasa wana t mbili, na hamali hana kilema."

Akamtazama Mzungu amwokoe. Mzungu akamsogezea wino.

Akaandika, mkono wake mwenyewe, na kinywa hajakisukutua. Alipomaliza nikalichukua daftari, nikampa Mzungu, nikamwomba asome kwa sauti neno baada ya neno, maana kusoma sikujua na kumwamini karani sikutaka. Akasoma yote. Nikamwambia arudie pale penye Mombasa.