Magari Mawili na Mzigo wa Mpagazi

Haya yalitokea mchana. Natanguliza hilo kwa sababu mtu akisikia habari za namna hii anauliza kwanza kama ulikuwa usiku, kama ulikuwa umelewa, kama ulikuwa na usingizi. Ilikuwa Jumamosi, saa sita na robo, jua limesimama utosini, na tumboni nilikuwa na chai ya rangi na maandazi mawili. Mimi ni dereva wa kuajiriwa, nimeishia darasa la saba, na mambo mengi ya dunia sina hakika nayo. Hili nina hakika nalo, isipokuwa sehemu mbili tatu, na nikizifikia nitasema.

Mdogo wangu Masanja alikuwa anatafuta gari lenye nguvu. Siyo kwa maringo, ingawa na maringo yalikuwepo kidogo. Mkewe, Neema, ni muuguzi, na alihamishiwa zahanati moja huko Kigoma. Kwa basi ni siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na Masanja ana duka la pembejeo hapa Tabora, hawezi kulifunga kila mara. Siku moja Neema alimpigia simu nikiwa nimekaa pale pale, sauti imefunguliwa, nikasikia kila kitu.

"Masanja, mimi sikuolewa na simu. Ikifika Pasaka hujaanza kuja kila wiki, tuambiane ukweli kila mtu ashike njia yake."

Sikumwona Neema mbaya. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo, labda mapema zaidi.

Basi Masanja akawa na pesa za gari moja, na magari ya kuuzwa yaliyomvutia yakawa mawili. La kwanza lilikuwa la Mzee Sefu, fundi cherehani wa Gongoni. Jeusi, la zamani, piston sita, turbo mbili, gia za mkono. Watu wa mtaa walilibatiza Mbogo. Likiwashwa asubuhi, vikombe vya jirani vinagongana kabatini. La pili lilikuwa la mwalimu mmoja, tunamwita Madam Roza. Jeupe, jipya zaidi kwa miaka mingi, piston sita nalo, gia zinajibadilisha zenyewe, linawashwa kwa kubonyeza kitufe. Halipigi kelele. Ukilikanyaga unasikia tu mgongo umeshikwa na kiti na miti imeanza kukimbia.

Masanja moyo wake uliruka huku na huku. Nikamwambia tuyapime kwa haki. Barabara moja, siku moja, mafuta sawa, dereva yule yule. Tukachagua kipande kilichonyooka barabara ya kwenda Urambo, kuanzia kibao kimoja cha kilomita hadi kwenye kalavati. Masanja aendeshe, mimi nishike saa ya simu na niandike. Mimi mwenyewe nililipenda zaidi la zamani, kwa hiyo nilijikaza nilitendee haki lile jipya. Nasema hivi kwa sababu huenda kujikaza kwangu huko ndiko kulikoharibu kila kitu.

Asubuhi tukaenda Gongoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sasa msiende kulibembeleza kama bibi harusi. Likanyageni! Lile la mwalimu ni friji lenye matairi."

Tulipompitia Madam Roza kumwambia kwamba lake tutalichukua mchana, alikuwa ameshalisikia Mbogo kutoka mbali. "Mnatafuta gari au mnatafuta ngoma?" akasema. "Haya, saa nane nina safari. Saa nane kamili liwe hapa."

Tukaenda na Mbogo. Lilikimbia vizuri mno, sitaki kulipunja. Niliandika muda wake kwenye daftari, na Masanja alikuwa anacheka kama mtu anayetekenywa. Baada ya kalavati tukageuza, tukarudi hatua chache upande tuliotoka, tukasimama pembeni bila kuzima injini. Gari la turbo halizimwi ghafla baada ya kukimbizwa. Huachwa lingurume dakika mbili tatu lipoe. Tukashuka kunyoosha miguu.

Ndipo tukamwona yule mtu.

Alikuwa anatokea upande wa magharibi, peku, kavaa kaniki kiunoni, amebeba kichwani kitu kirefu kilichoviringishwa mikeka mikuukuu na kufungwa kwa kamba za magome ya mti. Kilikuwa kirefu hivi kwamba kilimzidi mbele na nyuma. Unajua kwamba barabara ile imelala juu ya njia ya zamani ya misafara, walikopita wapagazi kwenda na kurudi Ujiji. Sisi tunalijua hilo kama tunavyojua jina la mtaa, hatulifikirii. Nami sikulifikiria. Niliona mkulima tu.

Akatusalimia, "Mwangaluka." Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi, na ilikuwa saa sita. Kama mtu aliyetoka alfajiri na hajaambiwa kuwa jua limepanda. Tukaitika.

"Nitueni, ndugu zangu."

Nikaenda. Mzigo wa namna ile mtu hawezi kujitua peke yake, atavunjika shingo. Nilishika upande mmoja, yeye akainama, tukaushusha. Mimi nimepakia magunia ya mpunga maisha yangu yote, lakini ule mzigo ulinivuta mabega mpaka nikahisi mifupa inaachana. Alikaa chini kando yake na kufumba macho. Shingo yake ilikuwa na sugu nyeusi kama kwato.

Sasa sikiliza. Kwetu ukimtua mtu, unasubiri apumue, kisha unamtwika. Hakuna aliyetukalisha chini akatufundisha. Tumekua tukiwaona mama zetu wakifanyiana hivyo kisimani. Kumtua mtu halafu ukaondoka ni kumfunga pale pale, kwa sababu peke yake hauinui tena.

Injini ilikuwa imeshapoa. Masanja akaingia ndani na kupiga honi.

"Kaka, twende! Madam ana saa yake!"

"Ngoja tumtwike huyu."

"Mwache apumzike, si unaona kachoka? Mzee, pumzika. Tunarudi sasa hivi na gari jingine, tutakukuta hapa hapa, tutakutwika. Nakuahidi."

Yule mtu alifumbua macho, akamtazama Masanja, siyo mimi. Akasema, "Nimesikia." Basi. Nikaingia garini. Haikuwa inahitaji hata dakika moja kumtwika, nimeshaipiga hesabu mara nyingi.

Tukamrudishia Mzee Sefu gari lake, tukachukua lile jeupe, tukarudi barabara ile ile. Ilikuwa inakaribia saa saba. Kwenye kibao nikabonyeza saa, Masanja akakanyaga. Niamini, sijawahi kupanda kitu kama kile. Tulikuwa tunakaribia kalavati na niliona kwa macho yangu kwamba linashinda, linamwacha Mbogo mbali, na hapo mbele, mahali tulipomwacha, yule mtu alikuwa amesimama.

Nilitaka kusema simama. Neno lilikuwa mdomoni. Masanja akasema, "Usizime saa, kaka, usizime saa!" nami nikanyamaza, kwa sababu nililiahidi lile gari haki yake. Tukampita. Nilimwona vizuri. Mzigo hakuwa nao. Mikono mitupu, ameshika kiuno, anajinyoosha mgongo kama mtu aliyemaliza kazi.

"Umeona?" Masanja akasema. "Wenzake wameshampokea. Na wewe ulivyokuwa na wasiwasi!"

Hapa ndipo pa kwanza ambapo sina hakika. Mimi nilimwona anacheka. Masanja anasema alikuwa analia.

Tukavuka kalavati, tukasimama. Nikamsomea Masanja muda. Akafungua mlango, akashuka, akaruka juu mikono hewani akishangilia, na alipotua chini shingo yake ikazama mabegani. Niliisikia ikilia. Akatanua miguu, akasimama wima kabisa, kichwa hakigeuki.

"Kaka, nani kaniwekea kitu?"

Kichwani hapakuwa na kitu. Nikamwambia aingie garini, labda ni jua. Akainama kwa taabu kuingia, na juu ya mlango pakagonga: ko. Kitu kigumu kimegonga bati. Akajaribu tena. Ko. Akajaribu mlango wa nyuma. Ko. Bati jeupe lilibonyea mbele ya macho yangu na hapakuwa na kilicholibonyeza. Nikageuka kumtafuta yule mtu. Barabara ilikuwa tupu mbele na nyuma, majani pale alipokaa yamelala.

Tulirudi mjini hivi: Masanja anatembea pembeni mwa barabara, mimi naendesha lile gari la mbio polepole kando yake kwa mwendo wa mtu. Saa tisa Madam akapiga simu. "Gari langu limekwama?" Nikamwambia halijakwama, Madam, linatembea. Akanitukana kidogo. Alikuwa na haki.

Nyumbani Ipuli, Masanja alishindwa kupita mlangoni. Akasimama uani, jasho linamtiririka, akaniambia kwa sauti ndogo, "Kaka, nitue." Ili tu kumridhisha nikainua mikono hewani juu ya kichwa chake. Ikashika mikeka. Ikashika kamba ya magome. Uzito ule ule. Nikaushusha chini bila kuuona, na Masanja akaanguka akalala pale pale. Tangu siku ile vidole vyangu vina ganzi. Watu huniuliza kama niliogopa. Sikuogopa. Sijui nilihisi nini. Nilikwenda kuteka maji nikaoga.

Majirani walikuja kupapasa. Mikono yao inapita tu. Mzee Sefu alipapasa, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi hapa sishiki kitu," na kesho yake akamleta shehe. Padri naye alikuja. Wote wawili waliomba kwa moyo, sitasema vingine. Hospitali walipiga picha ya shingo, wakasema mifupa imebanwa kama ya mtu anayebeba vitu vizito kwa miaka.

Tulijaribu magari pia. Nilimtua Masanja, nikauweka mzigo nyuma ya Mbogo, buti wazi. Nyuma likazama mpaka bodi ikakalia matairi, injini ikazima. Kwa haki tukamwomba Madam na lake jeupe, naye kwa huruma akakubali. Taa zote za dashibodi ziliwaka kwa pamoja, kisha zikafa. Tulipoutoa, yote mawili yakawaka kama kawaida. Tukajaribu kuuacha nyumbani, Masanja akapanda gari peke yake. Hatukufika mbali, pua ikaanza kutoka damu, macho yakapinduka, nikageuza. Tulijaribu treni, mzigo ukagonga mlangoni. Pikipiki haina mlango, lakini ililala chini na dereva wake.

Kwa hiyo kazi yangu sasa ni hii: asubuhi namtwika, jioni namtua. Tajiri wangu alishaajiri dereva mwingine, simlaumu. Kwa nini mzigo ulimkalia Masanja na siyo mimi niliyeushika? Labda kwa sababu yeye ndiye aliyeahidi. Au labda uligawanywa, yeye shingo, mimi mikono. Hilo ni la pili ambalo sina hakika nalo.

Neema alikuja mara moja kwa treni. Alipapasa kichwa cha mumewe usiku kucha, hakushika kitu, akalia, akarudi kazini. Pasaka ikapita. Juzi kwenye simu Masanja alikuwa anamweleza tena kwa nini hawezi kusafiri, naye akasema kwa uchungu, "Basi njoo hata kwa miguu!" Nadhani alisema tu. Masanja hakuisikia hivyo. Alikata simu, akasema, "Kaka, wale wapagazi wa zamani si walifika?"

Kesho alfajiri tunaondoka. Tutapita Urambo, tutavuka Malagarasi, tutafika siku tutakayofika. Nimenunua jozi mbili za viatu vya raba na sufuria. Sijui kama Neema atafungua mlango, wala kama mlango wake utampitisha Masanja.

Jana alinieleza wazo lake. Njiani, anasema, lazima atapatikana dereva wa kutuhurumia. Atasimama, tutamwomba amtue Masanja. Akishautua tutakaa chini, tutafumba macho, tutangoja. Watu wana haraka. Mmoja ataondoka, na mzigo utamfuata.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Ni mdogo wangu, na namwona anavyoumia. Lakini wewe unayeendesha barabara ile, ukiwakuta wanaume wawili, mmoja ameikaza shingo na kichwani hana kitu, ukiwa na haraka pita. Pita kabisa, punga mkono, hatutakulaani. Na ukisimama, ukainua mikono na ikashika kitu, zima gari. Kaa nasi hadi apumue. Mtwike, ndipo uondoke.

Masanja amenikataza nisiandike haya. Nimeandika kwa sababu sisi hatukuambiwa.