Upande wa Mshono

Kazini wanamwita Bi Koleo, kwa kuwa koleo halimtoki mfukoni hata akienda kunywa chai. Mwaka wa kumi na tisa huu anakunja waya wa shaba kuwa vishikio vya kusimamishia vitu vya makumbusho: vinyago, vikapu, mikuki. Kazi yake ikiwa nzuri haionekani, na hilo halimkeri hata kidogo. Anayemkera ni mbunifu wa maonyesho.

Bwana huyu aliletwa jumba lilipokuwa likikarabatiwa, na tangu aje hakuna kinachomridhisha. Mara kabati la kioo liko juu mno, mara liko chini. Mtungi mmoja tu Bi Koleo ameutengenezea vishikio mara tatu, na mara tatu ameambiwa aanze upya.

"Ugeuze," mbunifu akasema safari hii. "Upande huu una ufa, tena umeshonwashonwa kwa waya. Unatia aibu."

Damu ikamchemka Bi Koleo. Mshono ule ulikuwa kazi ya baba yake. Mtungi ulipopasuka, marehemu alitoboa matundu kando ya ufa, akapitisha waya kama anayeshona nguo, na hapo ndipo binti yake alipojifunza kushika koleo. Shangazi aliutoa kwa makumbusho kwa shingo upande, baada ya kuahidiwa kwamba siku ya ufunguzi atauona mahali pa heshima.

"Bosi, watu wa kwetu wanaujua kwa mshono huo huo."

"Watu wanakuja kuona mtungi, si kiraka. Geuza."

Akageuza. Angefanyaje? Akakunja vishikio vya nne, mshono ukaelekea ukutani, mbunifu akafunga kabati na kuondoka na ufunguo.

Siku ya ufunguzi shangazi alikuja amevaa nguo zake za kutokea. Mbele ya mtungi akasimama, akautazama, akatikisa kichwa kwa kuusifu.

"Mzuri huu. Haya mwanangu, wa kaka yangu mmeuweka wapi?"

"Ndio huu, shangazi."

"Usinifanye mtoto mdogo. Wa kaka una mshono."

"Mshono uko nyuma."

Shangazi akachungulia huku, akachungulia kule, pua ikigusa kioo. Nyuma palikuwa na ukuta tu.

"Mmeupoteza," akasema, machozi yakimlengalenga. "Semeni tu kwamba mmeupoteza."

Bi Koleo akatia mkono mfukoni, akalikamata koleo lake kwa nguvu. Ufunguo alikuwa nao mbunifu, na mbunifu alikuwa upande wa pili wa ukumbi, anapigwa picha.